Jani Chini ya Lenzi

Dorkas alikunja gauni hadi magotini, akaingia ziwani pale Musoma, akachuma gugu moja la majini na kulitia kwenye chupa ya maji. Wavuvi walimtazama wasimwelewe: mwanamke wa makamo, mwalimu wa biolojia, anavua majani!

Jana yake Matrida, binti wa mwalimu wake wa zamani, alimpigia simu kutoka Butiama. "Baba hanitambui tena, dada. Juzi aliniita nesi. Tangu hapo hajasema neno."

Baba huyo, Mwalimu Apolinary, ndiye aliyemfundisha Dorkas miaka thelathini iliyopita, katika darasa la wanafunzi hamsini na hadubini moja.

Dorkas alimkuta nyumbani Butiama ameketi dirishani, vifungo vya shati vimefungwa hadi shingoni, macho yamepotelea kwenye mihogo ya nje.

"Shikamoo, Mwalimu."

Mzee aliendelea kutazama mihogo.

Dorkas alivuta meza karibu naye. Aliweka mezani hadubini aliyoiazima shuleni kwake, akageuza kioo chake kipokee mwanga, akatandaza jani moja la lile gugu la ziwani chini ya lenzi. Kisha akaushika mkono wa mzee na kuuweka kwenye gurudumu dogo la kurekebishia. Vidole vilivyokwisha kusahau kijiko vikalizungusha taratibu, vikasimama. Mzee akainama.

"Zinatembea," alisema.

"Nini, Mwalimu?"

"Punje za kijani! Huoni zinavyozunguka ndani ya seli? Saitoplazimu, ute wa seli, ndiyo inayozibeba. Ninyi hukimbilia kuchora kiini, kwingine kote mnaacha patupu." Sauti ilikuwa ileile kavu, ya kumwamsha hata wa dawati la nyuma. "Patupu! Katika ute huo ndimo chakula kinamoanza kuvunjwa kuwa nguvu, ndimo protini zinamotengenezwa. Ukikauka, kiini kitamwamuru nani? Andika, Dorkas."

Dorkas, ambaye hakuwa amelitaja jina lake, alipekua mkoba, akakosa karatasi, akaandika nyuma ya bahasha. Alijihisi tena ana miaka kumi na sita, sketi ya bluu, soksi moja imelegea.

Matrida alikuwa mlangoni na bakuli la uji. Mzee akainua uso.

"Na wewe mgeni, jina lako nani?"

"Matrida Apolinary."

"Umechelewa, lakini ingia. Kaa na Dorkas, atakuonyesha."

Dorkas akasogea. Matrida akaweka bakuli chini, akaketi ukingoni mwa benchi, akainamia lenzi. Kwa muda mrefu hakuona chochote, maana macho yalikuwa yamejaa machozi.

"Usiwe na haraka," baba yake alimwambia. "Tuna kipindi kizima."