Fomu ya Shamba la Pugu

Mwaka 1951 nilikuwa karani na mkalimani katika ofisi ya serikali iliyotoa vibali vya kutafuta madini. Sheria yenyewe niliijua kama Baba Yetu: shamba la juu linaweza kuwa lako, lakini kilichomo chini ni cha serikali. Mwenye kibali akishapigilia vigingi vyake vinne shambani mwako, una siku thelathini za kuleta pingamizi. Na pingamizi zilizosikilizwa zilikuwa chache mno. Kaburi lilikuwa mojawapo. Palipo na kaburi hapachimbwi.

Ndiyo maana kila fomu ya ukaguzi ilikuwa na mstari wa makaburi, na mstari ule niliujaza mimi, Leodegar, kwa mwandiko mzuri niliofundishwa misheni.

Kampuni moja ilitaka udongo mweupe wa Pugu, ule wa kutengenezea vikombe na sahani. Nilikwenda kukagua pamoja na mpimaji wao, saa saba ya mchana, jua kali. Shamba lilikuwa la mikorosho na mananasi, na hatukumkuta mtu. Nikazunguka kutafuta makaburi. Mimi ni Mhaya wa Bukoba. Kaburi nililolijua ni la msalaba na saruji, lenye jina na tarehe. Sikuona msalaba wala saruji. Niliona kichaka cha mrehani kimesimama peke yake kwenye mchanga uliofagiliwa. Nikachuma kijitawi, nikakinusa, nikakichomeka kwenye koti kama bwana harusi. Kisha nikaandika: hakuna. Msiniulize kwa nini sikujiuliza nani anafagia mchanga katikati ya shamba. Nilikuwa na njaa.

Siku ya ishirini na nane tangu vigingi vipigiliwe, akaja Badriya, mwenye shamba. Mumewe Thuwaini, mwenye duka Gongo la Mboto, alikuwa hajiwezi kitandani, kwa hiyo mama wa watu amekuja mwenyewe, buibui limejaa vumbi la Barabara ya Pugu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeona vigingi vya watu shambani kwangu. Mie huo udongo sina haja nao, wachukue. Lakini wameingia mpaka alipolala mwanangu."

"Mwanao yupi?"

"Nunu. Huu mwaka wa nne yuko pale. Sie makaburi hatuyajengei, baba yake hataki kabisa. Nimempandia mrehani kichwani, basi. Kila Alhamisi naenda kumfagilia."

Watu husimulia kwamba moyo uliwalipuka, au miguu iliwaishia nguvu. Mimi sikusikia kitu. Nilimpa kiti, nikaitafuta faili, nikampeleka kwa bwana mkubwa.

Bwana mkubwa alikuwa na miezi mitatu nchini, na Kiswahili chake kilitosha kuagiza chai tu. Badriya alieleza yote upya, nami nikatafsiri yote, bila kupunguza wala kuongeza. Bwana akafungua faili, akaweka kidole kwenye ule mstari, akanitazama.

"Wewe ulifika huko. Uliliona kaburi?"

Alinipa nafasi ya kufikiri, siwezi kusema aliniharakisha. Mwaka uliotangulia mwenzangu Ansbert alifukuzwa kazi kwa fomu aliyoijaza vibaya, na mimi nilikuwa na mke wangu Demetria na watoto watatu katika chumba cha kupanga Temeke. Sisemi haya ili kujitetea. Jibu lililotakiwa lilikuwa fupi: nilikosea, kaburi lipo.

"Sikuliona," nikamjibu kwa Kiingereza.

Na kweli sikuliona. Ningeweza kuapa hata mbele ya padri.

Bwana akasema kwamba siku hizi watu wanazua makaburi kila wakiona kigingi. Akagonga muhuri, pingamizi imekataliwa. Hayo ya kuzua sikuyatafsiri.

Badriya alikuwa akiutazama mdomo wangu muda wote.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia, mama."

"Na mrehani umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Anasemaje?"

"Anasema haiwezekani."

Nilidhani atalia, au atapiga kelele, na nadhani nilikuwa nikimngojea afanye hivyo. Hakufanya. Alijitanda vizuri buibui lake, akainuka, nami nikamsindikiza hadi kwenye korido.

"Wewe huna kosa," akaniambia. "Nimekuona ulivyosema naye. Mwingine asingejisumbua kwa ajili ya mtu asiyemjua." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Una watoto?"

"Watatu, mama."

"Mungu akuhifadhie, usije ukamzika hata mmoja."

Nikaitikia amina, nikarudi ndani kuiweka faili mahali pake.