Gari la Picha Thelathini na Mbili

Mpiga picha wa mtaa ule alikuwa na maradhi mawili: magari ya spoti na kutoambilika. Ya kwanza yangeweza kutibika. Ni hayo ya pili yaliyomponza.

Mama yake alikuwa na magoti mabovu. Kila mwezi alikwenda kliniki peke yake kwa gari la kukodi, na kila mwezi mwanawe aliapa kwamba mambo hayo yana mwisho, atanunua gari lake mwenyewe na mama atapelekwa na kurudishwa kama malkia. Mama akalibeba neno hilo hadi kliniki. Kwenye benchi la wagonjwa hakubaki mtu asiyejua kwamba kitinda mimba wake, ambaye wala hawajawahi kumtia machoni, ananunua gari kwa ajili ya magoti ya mama yake. Lishikeni hilo, maana yeye mwenyewe alilisahau.

Na gari lilikuwepo, tena hatua chache tu kutoka studio. Mwenye duka la vitabu alikuwa anauza la kwake, la spoti, jekundu, milango miwili, alilolitunza kama mboni ya jicho. Asubuhi moja mama na mwana wakaenda kuliona. Mwenye duka hakupiga chuku hata kidogo. Alifungua tu mlango wa abiria.

"Mama, hebu panda kwanza. Hata kama hamnunui, panda tu."

Mama akapanda, akakaa, akashuka bila kushikwa mkono, kisha akacheka peke yake kwa furaha.

"Mke wangu ana mgongo," mwenye duka akaeleza. "Fundi alilinyanyua kidogo, na kile kiti lilichokuja nacho nikakibadilisha. Kilikuwa chini mno."

Hapo ndipo mpiga picha alipoharibu. Alilizunguka gari la watu mikono nyuma, mdomo kaubetua, utadhani mkaguzi wa serikali. "Mzee, spoti ikishanyanyuliwa si spoti tena. Na hicho kiti si cha kinyozi hicho?"

Mwenye duka akaufunga mlango wa abiria. Mama akatazama chini, akaaga kwa niaba ya wote wawili.

Njiani mama alijaribu kumshawishi. "Mimi naona lile lilikuwa zuri, baba. Tumeliona, tumelikalia."

"Mama, lile kila mtu analijua! Nikipita watasema, gari la mwenye vitabu lile linapita. Naagiza langu kutoka ng'ambo, halijaguswa na fundi yeyote wa hapa."

Ukweli wote ulikuwa humo. Hakutaka kuendesha gari lenye jina la mtu mwingine. Zile hadithi za injini safi na barabara nzuri za ng'ambo, alizomsimulia kila aliyemkalisha kwenye kiti cha studio, zilikuwa mapambo tu.

Muuzaji wa ng'ambo akamtumia picha thelathini na mbili. Mtu mwingine angeuliza maswali. Yeye akazitazama kwa jicho la kazi: akasifu mwanga, akasifu pembe, akasifu rimu zilivyong'aa. Na huyu ni mtu anayeshinda akiwapandisha wafupi juu ya stuli na kuwafuta maharusi vipele! Kama mtaani kulikuwa na mtu mmoja aliyejua jinsi picha inavyonyamazia mambo, ni yeye. Picha ya kiti ilikuwa imepigwa kutoka juu. Kiti ukikipiga kutoka juu, huwezi kujua kama kiko usawa wa goti au usawa wa kifundo cha mguu. Hilo alifundishwa tangu siku zake za kwanza kazini. Akaagiza.

Tuseme haki, gari halikuwa bovu. Baada ya miezi mitatu ya kusubiri na kukimbizana na makaratasi ya forodha, lilifika zima, la buluu, likinguruma vizuri, kila kitu kama kilivyoonyeshwa. Hakuna aliyemdanganya. Mtaa mzima ulitoka kulitazama, naye akavimba kichwa wiki nzima.

Kisha siku ya kliniki ikafika.

Mama alivaa nguo yake ya kutokea. Mlango ulipofunguliwa alilitazama lile shimo lenye kiti, akamtazama mwanawe, akageuka, akajiachia. Alitua kwa kishindo. "Laini kweli," akasema, lakini machozi ya maumivu yalikuwa yamemlenga, na mwanawe akajifanya anatafuta ufunguo ambao alikuwa ameushika mkononi.

Kupanda kulikuwa na nafuu. Kushuka ndiko kulikokuwa kazi. Mbele ya mlango wa kliniki, saa tatu asubuhi, benchi likiwa limejaa, mama alijaribu mara moja, akajaribu tena, magoti yakagoma. Mwanawe akamvuta mikono, mama akaguta. Mlinzi akaja mbio akamshika chini ya makwapa, mpiga picha akashika miguu, wakamtoa kama watu wanaotoa gunia stoo. Kiatu kimoja kikabaki ndani. Nguo ikapanda, na benchi zima likayaona magoti yale yaliyovimba.

 Mpiga picha alitamani ardhi ipasuke immeze. Magoti hayo ndiyo aliyoyaahidi gari, na muda wote ule wa kuchagua rangi hakuyakumbuka hata mara moja.

Mama akavaa kiatu, akanyoosha nguo, akaingia taratibu akishika ukuta. Mwanawe alimfuata nyuma na mkoba. Muuguzi aliyemzoea mama akamlaki kwa bashasha.

"Mama, leo ndiyo leo! Yuko wapi huyo mtoto wako wa gari, tumwone?"

Watu wakatega masikio. Mama hakugeuka nyuma.

"Mwanangu yuko kazini, kabanwa. Huyu ni dereva tu, nimemkodi."

Muuguzi akampandisha na kumshusha mpiga picha kwa macho. "Yaani wewe unampakia mtu mzima wa magoti kwenye kitu kama kile? Kwani wewe huna mama?"

Mpiga picha akafungua mdomo. Jibu lilikuwa neno moja tu, ninaye, na mama mwenyewe alikuwa amesimama hapo hapo, akiutazama ukuta, akimfichia aibu yake mbele ya watu wote.

"Samahani," akasema. "Sikufikiria."

"Basi mpe mkoba wake, usubiri nje. Humu ni wagonjwa na ndugu zao."

Akampa mkoba. Vidole vya mama vikavibana vyake kidogo, kwa siri, na hilo ndilo lililommaliza. Akatoka akipita mbele ya benchi, watu wakivuta miguu kumpisha, na kifuani akasikia nafuu, nafuu tele, kwamba hakuna aliyemjua. Nafuu hiyo ilimtia haya kuliko yote yaliyotangulia. Nje alijibanza kivulini pamoja na madereva wa kukodi. Mmoja akamsogelea, akamuuliza leo kamleta nani.

"Abiria," akasema.