Ukuta wa Yusto

Kila Jumapili, kabla ya kukaa, Bibi Bertilla alikwenda mbele mpaka ukuta wa madhabahu, upande wa kushoto, akauwekea kiganja. Hakupiga magoti wala hakusema neno. Aliushika ukuta kama mama anayempima mtoto homa, kisha akarudi kwenye benchi lake la pili. Alikuwa amefanya hivyo miaka ishirini na mitano. Siku hizi, macho yakiwa yamezibwa na mtoto wa jicho, alikwenda akihesabu mabenchi kwa mkono.

Na kila Jumapili Lwitiko, fundi aliyeujenga ukuta ule, aliinamisha kichwa akajifanya anatafuta ukurasa wa wimbo. Watu walimwona mcha Mungu. Mwenyewe alijua anachokificha.

Waanglikana wa Katumbwe, njia ya kwenda Mpui, hawakuwahi kuwa wengi. Ufipa ni nchi ya Wakatoliki. Wao walianza na kaya sita: bwana shamba wa kutoka Tukuyu, nesi, wafanyabiashara wawili wa Mbeya, na Wafipa wachache wakiwamo Bertilla na mumewe. Walikuwa wakisali kwenye ghala la mahindi, wakipiga chafya kwa vumbi la dawa ya kuua dumuzi. Walipoamua kujenga hawakuwa na fedha, ila udongo walikuwa nao. Kila kaya ikapangiwa kufyatua matofali mia tatu na kuyachoma yenyewe. Na ili asitokee mjanja wa kuhesabiwa ya jirani, kila kaya ilitia alama yake tofali likiwa bado bichi. Hawa walichora msalaba, wale mstari, wengine waligandamiza suke la ulezi.

Alama ya kaya ya Bertilla ilikuwa gumba la Yusto. Wakati huo mumewe alikwishafariki, na Yusto, mwanawe wa pekee, alikuwa na miaka kumi na tisa. Alifyatua yote mia tatu, na kila moja akalibonyeza gumba mara mbili, ubavuni. Kabla hayajachomwa akashikwa na homa ya uti wa mgongo. Siku ya nne wakamzika.

Mama yake akayachoma peke yake, matanga yakiwa hayajaisha. Ilikuwa Julai, na upepo wa Julai huku juu kila mtu anaujua. Ulilipiga tanuri upande mmoja mchana na usiku, na kuni zikamwishia siku ya pili.

Lwitiko alikuwa na miaka ishirini na saba. Shule aliiacha darasa la tano, na cheo cha fundi mkuu alikipata kwa sababu hapakuwa na mwingine. Akaenda kuyapima matofali yale. Akachukua moja la juu, upande wa upepo, akaligonga. Halikulia kama linavyolia lililoiva. Akalitumbukiza kwenye ndoo ya maji, likamomonyoka.

Alipima moja tu. Fundi mwenye akili hupima la juu, la kati na la chini. Lakini tarehe ya askofu kuja kufungua kanisa ilikuwa imekaribia, na lori la Mzee Gaudensi, mnunuzi wa mahindi, lilikuwa limesimama pale limejaa matofali, mwenyewe kavaa koti, anataka aone yake yanaingia wapi. Yakaingia ukuta wa madhabahu, wala hayakupimwa hata moja. Ya Yusto yakajenga choo.

Wiki mbili baadaye Bertilla akaja kwenye jengo, amejifunga kaniki. Hakuuliza habari za matofali.

"Mwanangu umemweka wapi?" alisema.

Lwitiko alikuwa juu ya jukwaa, mwiko mkononi. Angeweza kushuka.

"Kwenye madhabahu, mama. Kushoto," alijibu.

Mwezi uliofuata lipu ikaufunika ukuta, na uongo wake ukafunikwa pamoja nao. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Lwitiko ikawa ndefu kuliko barabara ya Sumbawanga.

Miaka ikapita, kanisa likapandishwa kuwa kanisa kuu. Katumbwe nzima ilicheka, kwa kuwa waumini walikuwa hawajazi hata basi la Coaster. Lakini likafanya kazi zake. Jumanne akina mama walileta watoto kupimwa uzito. Mara moja kwa mwezi kasisi wao, Kanoni Asajile, alipeleka sabuni na Neno kwa wafungwa. Mtu akifiwa, awe wa dhehebu lolote, mabenchi ya kanisa yalibebwa mpaka kwake. Na wote waliokuja walitumia choo kile kile.

Mwaka huu, jubilei ya miaka ishirini na mitano ikiwa karibu, Kanoni akaanza kuandika historia ya kanisa kwenye daftari kubwa. Akaagiza pia mambo mawili: choo cha zamani kivunjwe kijengwe kipya, na ufa wa ukuta wa madhabahu utengenezwe. Kazi zote mbili akapewa Lwitiko.

Jumatatu alianza na ufa. Lipu ilipotoka, matofali ya Gaudensi yalimwagika kama unga. Jumanne akahamia chooni na fundi mwenzake, Vicent, Mkatoliki mwenye mdomo.

"Fundi, hivi hiki choo mlikijengea nini?" Vicent alitupa nyundo chini akajishika kiuno. "Nyundo inarudi! Huko madhabahuni mmeweka maandazi, huku chooni chuma. Nyie Waanglikana Mungu wenu anakaa upande gani?"

Lwitiko hakucheka. Aliokota tofali lililotoka zima, akalifuta kwa kiganja. Gumba mara mbili, ubavuni. Akaligonga na jingine. Lililia kama kengele. Akapima la juu, la kati, la chini, kama alivyotakiwa kupima zamani. Yote yalilia.

Akakaa juu ya kifusi.

Jioni Kanoni akampitia, uso umejaa furaha. "Fundi, nimemwambia Bibi Bertilla lipu imetoka. Keshokutwa namleta aguse alama ya kijana wake kwa mkono. Nataka nianze nayo historia yetu."

"Kanoni, ukuta ule una ufa..."

"Hata tofali moja linatosha. Hajaomba kitu bibi yule tangu nimjue."

Nyumbani, mkewe Atusaye alimtazama akiusukuma ugali pembeni. Yeye peke yake alikuwa anajua.

"Kamwambie," alisema.

"Atakufa."

"Hatakufa. Wewe ndiye unayeogopa kufa."

Jumatano Lwitiko akamtuma Vicent mjini kufuata simenti ambayo hawakuihitaji. Akachagua matofali mawili mazuri, akayasugua kwa brashi na sabuni mara tatu, akayabeba kanisani ndani ya gunia kama mwizi wa mbuzi. Akatoboa ukuta kushoto, usawa wa kifua cha bibi, akayapanga, alama zikitazama nje. Akachanganya majivu kwenye simenti ili rangi ifanane na ya zamani. Alipomaliza alirudi nyuma akatazama. Kwa macho, hata yeye asingegundua. Akajiambia sasa ni kweli. Si yapo madhabahuni? Yapo.

Alhamisi saa nne Kanoni akamleta Bertilla akimshika mkono, daftari kwapani.

"Shikamoo mama," Lwitiko alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nipeleke."

Lwitiko akamshika kiganja akakiweka kwenye tofali. Vidole vya kizee vilitembea taratibu vikaona shimo la kwanza, kisha la pili. Bertilla akaingiza gumba lake ndani ya gumba la mwanawe. Akatulia. Uso wake ukafunguka, akaonekana msichana.

"Ni yeye," alisema. "La pili lilikuwa linakwenda upande kila mara. Nilimgombeza, nikamwambia, kijana, hata kubonyeza udongo unafanya haraka."

Kanoni akafuta miwani yake. Lwitiko akaanza kupumua.

Vidole havikuondoka. Vilishuka ubavuni mwa tofali, vikaingia kwenye kiungo cha simenti, vikasugua. Bertilla akaleta kidole puani.

"Fundi."

"Naam, mama."

"Maji ya kujengea kanisa hili niliyabeba kichwani. Simenti ya miaka ishirini na mitano naijua. Hii bado ina maji."

"Labda ni kwa sababu ya ufa, bibi," Kanoni akadakia. "Walikuwa wanarekebisha..."

"Nimemwuliza fundi."

Lwitiko alitazama mlango. Ulikuwa wazi, na mguu wake mmoja ulikwisha kugeukia huko.

"Nimeyaweka jana," alisema. "Hayakuwahi kuwa humu, mama. Nilikudanganya. Niliona yameiva vibaya, nikajengea choo, humu nikaweka ya Gaudensi."

Kanoni alifungua daftari, akalifunga.

"Choo hiki cha hapa nje?" Bertilla aliuliza.

"Hicho hicho."

"Nipeleke."

Alimwongoza mpaka kwenye kifusi. Vicent alipowaona alivua kofia bila kuambiwa, akaweka nyundo chini. Ukuta mmoja ulikuwa bado umesimama. Bertilla aliupapasa, kozi kwa kozi, safu baada ya safu, kila gumba, midomo ikichezacheza kama anayesoma.

"Mbona ni mazima?"

"Yaliiva, mama. La juu tu ndilo lilikuwa bichi, na mimi sikupima mengine."

"Kwa hiyo nilichoma vizuri."

"Ulichoma vizuri."

Hapo ndipo alipolia, kidogo, kwa kukunja uso tu. "Hata kama yangekuwa mabichi," alisema, "si ungeniambia? Kuni ningeomba kwa watu. Ningechoma tena. Wewe ukaniacha nimsalimie Gaudensi miaka yote hii."

Lwitiko akapiga magoti kwenye vumbi la choo. "Nisamehe, mama."

"Nyanyuka. Akina mama wangapi wamejisitiri humu na watoto wao mgongoni? Yusto hana aibu ya kukaa chooni. Aibu ni yako." Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Yale mawili kayatoe."

"Mama, acha yakae. Sasa yapo kweli."

"Uliyaweka ili nisijue. Yako pale kwa ajili yako, siyo kwa ajili ya Yusto. Kayatoe."

Kanoni akakohoa. "Bibi, ukuta wenyewe lazima ujengwe upya. Tunaweza kutumia haya yote, kwa heshima..."

"Hilo wataamua watu, Kanoni. Wakishasikia. Na wasisikie kwako wala kwenye daftari." Akageuza uso kule ilikotoka sauti ya Lwitiko. "Kwa mdomo wake."

Lwitiko akarudi ndani na tindo na nyundo. Simenti ikiwa bado mbichi, haikumchukua muda. Tofali moja alimpa. Bibi akalifunga kwenye kitenge, akalibeba kichwani, akakataa kusindikizwa.

"Mama, umenisamehe?" Lwitiko alimwuliza, bibi akiwa tayari njiani.

Alisimama bila kugeuka. "Sijui. Tuonane Jumapili."

Jumapili kanisa lilijaa kuliko kawaida, maana mdomo wa Vicent ulikuwa umefanya kazi yake. Bibi Bertilla aliingia, akahesabu mabenchi kwa mkono, akafika kwenye ukuta wa madhabahu. Kiganja chake kikakuta tundu. Alikiacha humo kidogo. Kisha, badala ya kurudi kwenye benchi lake, aligeuka akawatazama watu kwa macho yasiyoona, akasubiri.

Lwitiko aliweka kitabu cha nyimbo chini, akasimama.