Unga Juu ya Injini

Watu wa Ekerenyo wakisimulia habari za lori la mume wangu huanza na moshi. Mimi nitaanza na gauni la kwaya, maana ndiko mambo yalikoanzia. Kama kuna wa kulaumiwa, nitamfikia kwa wakati wangu.

Alfayo aliendesha malori ya wenyewe kati ya Mombasa na Kampala kwa miaka kumi na mmoja. Nyumbani alikuwa akija Desemba, na siku nyingine akifiwa na mtu. Binti yetu Gesare, akiwa na miaka minne, alimwona akiingia uani, akakimbia jikoni kuniambia, "Mama, kuna mgeni." Mimi nilicheka. Alfayo hakucheka. Aliketi, akavua viatu polepole, na tangu siku hiyo akaanza kutafuta lori lake mwenyewe ili alale kwake.

Alilipata mwaka wa sabini na nane, kwa mchukuzi mmoja wa Nakuru aliyekuwa anaacha kazi. Lilikuwa limetumika sana, lakini lilikuwa na turbo, na huku kwetu hapakuwa na mtu mwenye kitu hicho. Alifunua boneti akanionyesha chuma kilichojikunja kama konokono ubavuni mwa injini.

"Hiki kinaishindilia injini hewa," alisema. "Milima yote ya Kisii tutaipanda na ndizi tani saba, bila kupumzika."

Na kweli ilipandwa. Jumatatu na Alhamisi alipeleka ndizi Kisumu, na jioni alikuwa mezani kwangu akila ugali wa wimbi. Nilifurahi sana. Ila niseme ukweli, sikujua kuishi na mume. Miaka yote hiyo paa lilipovuja nilipanda mwenyewe. Ng'ombe aliposhindwa kuzaa nilikunja mikono nikamvuta ndama. Bawaba ya mlango wa jikoni ilipokatika niliufunga kwa kamba ya mgomba, ukawa unafunguka ukiuinua kidogo kwa goti. Alfayo naye akajifunza kuuinua kwa goti kama sisi wengine, wala hakuuliza.

Siku ya Sabato lori liligeuka gari la kwaya. Vijana walipanda nyuma, na sisi akina mama wawili, mimi na Bathsheba wa sauti ya kwanza, tuliketi mbele na dereva. Sare yetu ilikuwa gauni jeupe lenye utepe wa buluu kwenye pindo. Sasa, chini ya kidato cha mlango wetu kulikuwa na bomba, unene wake kama wa gunzi la mahindi, lililokuwa likipumua mvuke mweusi na kudondosha matone ya oili. Siku moja tulikwenda kuimba Nyamira. Bathsheba aliposhuka, pindo lake lilikuwa na doa kubwa kama kiganja. Akasema mbele ya wageni wote, Alfayo akiwa amekwenda kuegesha lori, "Lori la akina Kemuma linatema mate."

Nilinyamaza mpaka nyumbani. Kesho yake nililikomesha jambo hilo kwa mikono yangu, kama nilivyozoea, na hakuna gauni lililopata doa tena. Sikushukuriwa na mtu, wala sikutaka.

Haikupita wiki mbili, lori likaanza kuvuja oili. Kwanza ilikuwa matone machache uani. Halafu ikawa dimbwi. Halafu likaanza kutoa moshi wa kibuluu, mwingi hivi kwamba watoto wa shule walijua Alfayo yuko wapi wakiangalia tu kilimani. Kila safari ilibidi aongeze oili njiani, na Alhamisi moja lilimkwamisha Masimba tangu asubuhi mpaka jua likatua, ndizi za watu zikiiva mgongoni.

Fundi wa kwanza, pale Kisii mjini, alisema konokono amekufa na mwingine hapatikani karibu. Fundi wa pili alilala chini ya gari, akatoka na uso mweusi, akasema ni sili ya nyuma, ule mpira unaozuia oili isitoke, lazima injini yote ishushwe. Wa tatu alibadilisha gasketi ya juu, akaapa kwa jina la mama yake. Siku mbili baadaye gasketi mpya nayo ilikuwa inalia oili.

Mimi nilimlaumu yule mtu wa Nakuru. Nilimlaumu jikoni, nikamlaumu kisimani, nikamlaumu hata katika maombi. Nilisema alimwona mume wangu mshamba akamuuzia maiti iliyopakwa rangi. Na siku nilipochoka kumlaumu yeye, nililaumu jicho la Bathsheba.

Kisha ikaja barua. Tajiri wake wa zamani wa Mombasa alikuwa na nafasi ya dereva, lakini alitaka jibu la mwili, si la karatasi: Alfayo awe kazini Jumanne. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akasema, "Kuna mtu wa Keroka atalichukua lori kwa bei ya vyuma tu. Jumapili jioni nitapanda basi." Alipanga mashati na vifaa vyake kwenye begi, akaliweka kando ya kitanda. Gesare, ambaye sasa alikuwa na miaka tisa, alilitazama lile begi, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Atarudi Desemba?"

Nilimwambia akachote maji. Alipotoka nililia, na mimi si mtu wa kulia.

Nikasema, hapana, sitakaa kitako. Ijumaa asubuhi nilikwenda Kisii kwa miguu na kwa gari, nikamtafuta mtu niliyesikia akisifiwa sokoni, Eliakim Ogada, mtu wa kando ya ziwa aliyewahi kutunza injini za meli kule Kisumu. Nilimkuta ana kazi tele. Nilimwambia, "Fundi, mimi sikuombi utengeneze gari. Nakuomba uniambie linaumwa nini, ili mume wangu akienda, aende akijua." Alinitazama, akafuta mikono. "Jumapili nakuja, mama. Kama ni maiti, nitasema ni maiti."

Alikuja asubuhi na mfuko mdogo tu, jambo lililonitia wasiwasi. Alfayo alimsalimu kwa adabu, lakini ya mtu aliyekwisha kata tamaa.

Ogada hakugusa spana. Aliomba mafuta ya taa na brashi, akaiosha injini yote mpaka chuma kikaonekana rangi yake. Akaikausha kwa matambara. Halafu akasema, "Mama Gesare, leta unga."

"Unga wa uji?"

"Wowote, bora mweupe. Na usininyime."

Nilileta unga wa mahindi roho ikiniuma, akaurusha juu ya injini kwa kiganja, mbele, nyuma, juu, ubavuni, na kwenye konokono. Majirani walianza kukusanyika ukingoni mwa shamba la chai. Mzee Nyangau akauliza kama tunalipikia lori.

"Washa, bwana Alfayo," Ogada akasema. "Kanyaga."

Lori likanguruma. Tuliinama sote tukitazama ule unga. Kwanza ukalowa pale nyuma. Alfayo akatikisa kichwa, "Si nilisema? Sili." Lakini Ogada akanyoosha kidole mbele, kwenye puli, na hapo pia ulikuwa unalowa. Kisha chini ya kifuniko cha juu. Kisha pale kijiti cha kupimia oili kinapoingia. Kila mahali unga uligeuka tope jeusi kwa wakati mmoja.

Mimi nilikata tamaa kabisa. Ogada alikuwa anatabasamu.

"Hebu niambie," alimwuliza Alfayo, "wewe umeona mtu anaanza kuumwa jino na goti na mgongo na sikio, yote siku moja?"

"Akizeeka."

"Hata akizeeka, moja inatangulia. Hii sili ya mbele na ya nyuma haijuani. Kwa nini zikosane na oili pamoja?"

Akashika kifuniko cha kumiminia oili, akakifungua huku injini inanguruma. Hewa ilimrushia mvuke na matone usoni kwa nguvu, akaruka nyuma, majirani wakapiga yowe. Alijipangusa akicheka.

"Zima! Hakuna kitu imeharibika hapa. Injini inavuta, inapumua. Hii imezibwa pua. Pumzi ikikosa pa kutokea, inasukuma oili mahali popote, hata konokono oili yake haiwezi kurudi chini, ndiyo unaona ule moshi. Sasa bomba ya kupumulia iko wapi?"

Nilirudi nyuma hatua moja. Alikuwa bado anatafuta kwa mkono, akilifuata bomba kutoka ubavuni mwa injini, chini, chini zaidi, mpaka nyuma ya kidato cha mlango wa kushoto. Hapo mkono ukasimama. Akaomba bisibisi, akachokonoa, akavuta. Kikatoka kitu cheusi kama kipande cha mkaa. Akakipangusa kwenye suruali yake, na sote tukaona ni gunzi la mahindi lililofungwa kitambaa.

Alfayo alilichukua, uso ukambadilika kwa hasira. "Yule mtu wa Nakuru! Kemuma, ulisema kweli. Aliziba mwenyewe nisione lile bomba linavyotoa mvuke, ninunue!"

Majirani wakaitikia, wakamtukana mtu wa Nakuru kwa Ekegusii safi. Ningenyamaza tu, mambo yangekwisha vizuri kabisa. Lakini Ogada alikuwa ananitazama, na kwenye kile kitambaa, chini ya masizi, palikuwa na utepe wa buluu.

"Si yeye," nikasema. "Ni mimi."

Majirani wakageuka wote kunitazama.

"Lilikuwa linachafua gauni za kwaya. Nilikata gunzi, nikalivisha kitambaa kilichobaki cha sare, nikaligongomea na jiwe mpaka likashika. Sikujua lori linapumua."

Alfayo alilitazama gunzi, akanitazama mimi. Nilitamani agombe. "Miezi mitatu," alisema polepole. "Mbona hukuniambia bomba linawachafua?"

Nilikuwa na majibu mengi ya hasira, nina akiba yake. Likatoka moja ambalo sikuwa nimelipanga. "Sikujua mambo ya nyumba hii huambiwa mtu."

Alfayo aliketi kwenye kidato cha lori, gunzi mkononi, akatazama chini. Ogada, Mungu ambariki, akapiga makofi. "Haya! Hiyo kesi itangoja. Tupime kwanza."

Aliosha tena, akaomba unga tena, na safari hii nilimletea debe zima. Majirani wote waliopiga yowe wakapandishwa nyuma wawe mzigo, Mzee Nyangau akiwa wa kwanza, pamoja na mikungu yote iliyokuwa uani. Alfayo akaliendesha mpaka mtoni, akaligeuza, akalipandisha mlima wa Ekerenyo. Nilisimama barabarani na Gesare. Tulilisikia kabla ya kuliona. Lilipotokea kwenye kona lilikuwa linapanda kwa nguvu, na nyuma yake palikuwa na vumbi tu na watu wanaoimba.

Boneti ikafunuliwa. Unga ulikuwa mweupe. Nyuma kabisa palikuwa na doa dogo la ukubwa wa shilingi.

"Hiyo ni uzee," alisema Ogada. "Hata mimi navuja kidogo."

Alichukua kipande cha mpira, akakiunganisha kwenye lile bomba, akakielekeza mbali, nyuma ya gurudumu, kisiguse gauni la mtu. Kazi yote hiyo ya mwisho ilichukua muda mfupi kuliko kunywa chai. Alipewa mkungu na kuku, na Alfayo akamsindikiza mpaka stendi.

Aliporudi jua lilikuwa bado juu ya migomba. Basi la jioni lilikuwa halijapita. Aliingia chumbani, nami nikabaki jikoni nikisikiliza, sijui kama anafungua begi au analifunga. Ningeweza kwenda kuchungulia. Badala yake niliuinua mlango kwa goti, nikausikia unavyokwaruza, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe nikaita kwa sauti:

"Baba Gesare! Mlango wa jikoni umekatika bawaba."

Mara nikasikia begi likimwagwa kitandani, mashati na vyuma vyote pamoja. Alitokea na nyundo na misumari mkononi, akachuchumaa mbele ya mlango, akaishika ile kamba yangu ya mgomba iliyokwisha kuwa nyeusi kwa moshi.

"Umekatika tangu lini?" aliuliza.

"Tangu mwaka ule Gesare alipokuita mgeni."

Alikata ile kamba, akamwita Gesare aje kushikilia mlango, akapigilia msumari wa kwanza.