Viti Vilivyotazama Ukuta

Mimi ni mpanga kumbi. Hotelini kwetu, pembezoni mwa jiji, kuna ukumbi mmoja mrefu wenye ukuta wa kukunja unaotembea kwenye reli. Ukiufunga unapata kumbi mbili, na wageni wa huku hawajui ya kule. Ufunguo wake nakaa nao mimi.

Aliyekuja kukodi kumbi zote mbili kwa siku moja ni shemeji, kaka wa marehemu mume wa dada yangu. Tangu tuzike, kazi yake ni moja tu: kuiuza nyumba anayoishi dada na watoto wake watatu. Ukoo akaujaza maneno kwamba dada mwenyewe ndiye anayetaka kuuza, eti kapata bwana. Mama mkwe wa dada akaacha hata kupokea simu zake. Dada alilia mpaka sauti ikamkauka, nami nikaapa nitakula sahani moja na mwanamume yule.

Saa tisa angekutana na mnunuzi katika ukumbi mdogo. Saa kumi angeingia ukumbi mkubwa, ukoo uubariki uuzaji. Viti vya ukoo alitaka vitazame dirishani.

"Na usinivurugie, wewe mama wa viti," akaniambia.

Nikamwitikia kwa adabu zote. Kisha nikampigia mama mkwe, nikasema mimi ni mtu wa hotelini, jambo ambalo si uongo, nikamwomba waje wote saa tisa na nusu. Dada nikamwita mwenyewe. Viti nikavigeuza vyote vikatazama ukuta, na ukuta nikauacha wazi upana wa vidole vitatu.

Wakaketi, watu ishirini na wawili, dada safu ya nyuma. Nikawaomba watulie kwa kuwa jirani kuna kikao. Sauti ya shemeji ikapenya, imejaa kicheko.

"Mjane hajui lolote. Ndugu zangu nimewaambia kaomba mwenyewe, wakameza. Akigoma kutoka, namtupia vyombo nje."

Nilimwona mama mkwe akifumba macho. Nikauvuta ukuta taratibu, maana haraka sikuwa nayo, na wallahi sijawahi kuifurahia kazi yangu kama siku ile. Shemeji akainuka, kalamu mkononi, akakuta ukoo mzima umeketi safu kwa safu ukimtazama yeye.

"Endelea, mwanangu," mama yake akasema. "Tunakusikiliza."

Mnunuzi akakusanya karatasi zake, akaondoka bila kuaga. Mama mkwe akahamia safu ya nyuma, akaketi karibu na dada, akamshika mkono, akamwomba radhi mbele ya wote. Halafu akasema kikao kinaanza, na nyumba ya wajukuu wake haiuzwi.

Shemeji akageuka kutafuta kiti chake. Nilikuwa nimeshakikunja, nimekikumbatia kifuani.

"Vimekwisha, shemeji," nikamwambia.