Nakala Yenye Mhuri

Wivu ulimkaa Warigia kooni tangu siku wafanyakazi wa karakana ya viatu pale Kariokor walipopiga kura ya mlolongo uani, kila mtu akisimama nyuma ya anayemtaka. Nyuma yake walisimama wachache, tena wengine kwa kumwonea haya tu. Nyuma ya Adongo mstari ulikunja kona hadi mlangoni pa choo. Adongo huyu wa juzi! Nani alimfunza kupaka gundi? Nani alimwandikisha chamani? Si Warigia huyu huyu, katibu wa tawi mwaka wa kumi na mbili sasa?

Na kilichogombaniwa hakikuwa kidogo. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini hufanya mkutano mkuu mara moja kila miaka mitano. Kila tawi hupeleka hoja moja na mjumbe mmoja wa kuisoma. Hoja ikipita pale, si tawi tena linalosema. Ni walimu, ni wauguzi, ni watu wa reli, wote kwa sauti moja mbele ya serikali na waajiri. Hoja ya Kariokor ilikuwa gundi, jinsi harufu yake inavyowachoma kina mama vifua, na waajiri walazimishwe kuweka feni na kutoa barakoa. Warigia ndiye aliyeiandika, huku akikohoa. Leo ikasomwe na Adongo, apigwe picha Adongo. Hapana, hiyo haikumezeka.

"Mama Shiro, utanipelekea fomu?" Adongo alimwuliza Warigia kwa adabu zake zote. "Mimi ofisi zile sizijui."

Warigia alisikia maringo matupu. Mwenye wivu utamwambia nini?

Fomu yenyewe ilibeba jina la mjumbe na hoja pamoja, na ilitakiwa makao makuu ya chama kabla ya Ijumaa saa kumi na moja. Kuipeleka ni kazi ya katibu. Warigia alifika hadi getini Ijumaa hiyo. Akamwona Adongo kichwani mwake, beji shingoni, akipigiwa makofi. Akageuza miguu. Wakikosa mjumbe, alijiambia, ndipo watajua nani amekuwa akiwashikilia. Alirudi kwake Kware akafua nguo zilizokuwa safi.

Wiki iliyofuata orodha ya wajumbe ilitoka, na Kariokor haikuwemo. Saa ya chakula Adongo aliwakusanya wenzake kwenye meza ya kukatia ngozi.

"Ofisi inasema haikupokea kitu," alisema. "Waongo hao. Mama Shiro hajawahi kuchelewesha karatasi yetu hata siku moja." Wenzake wakaitikia, ndiyo, hajawahi. Adongo akamgeukia. "Lete ile nakala yenye mhuri. Si wewe ulinifunza nisiache karatasi ya wafanyakazi ofisini bila kurudi na nakala iliyogongwa mhuri? Tukiwaonyesha leo, watatuandika tu."

Warigia angeweza kusema imepotea, na wangemwamini. Hata hapo, moyo bado ulimuuma kuona walivyomzunguka Adongo. Lakini Carolyne, jirani yake wa meza, alikuwa amejishika kifua, leso mdomoni, akimsubiri. Warigia alifungua faili, akaitoa fomu yenyewe, akaiweka mezani.

Adongo aliigeuza kutafuta mhuri. Akaigeuza tena.

"Sikuipeleka," Warigia alisema. "Nilikuonea wivu. Nilitaka niende mimi."

Aliyemjibu ni Carolyne, na hakupandisha sauti.

"Mama Shiro, ulidhani tumekukataa? Tulimchagua Adongo kwa sababu ya kifua chako. Husomi mistari mitatu bila kukohoa. Tulitaka hoja yako isomwe mpaka mwisho."

Warigia alifungua mdomo kujibu, kikohozi kikamwahi, na wenzake wakamsubiri amalize.