Sala ya Namba Tisa

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, ukungu ulifunika kijiji cha Ngungu na manyunyu yalidondoka tangu alfajiri. Mama Emérence, anayefua jezi za timu ya mpira ya kijiji, alikwenda uwanjani na mzigo moyoni.

Jezi hizo zilitoka kwenye bunda la mitumba, na wengi pale huamini kuwa mitumba ni nguo za marehemu. Kwa hiyo kabla ya kila mechi Emérence aliwaombea pumziko la milele wenye majina yaliyo mgongoni. Kwenye jezi namba tisa jina lilikuwa Lennox.

Lakini tangu aanze kusoma shule ya jioni, maandishi ya nembo hayakumpa raha: Inverlarn, 1889. Jana yake mwalimu wake aliyatafuta kwenye simu. Kumbe ni klabu ya mji mdogo wa Uskoti, iliyoanzishwa na wafumaji. Uwanja wao uliungua mara mbili, wakaujenga tena kwa mikono yao. Na Lennox? Yuko hai, anaoka mikate!

Alipowasimulia wachezaji, kapteni Esdras alicheka.

"Mama, miaka tatu unazika muntu iko anakula mukate!"

"Usicheke. Je, kama Mungu alinisikia?"

"Njo maana hatufunge bao," akadakia kipa. "Namba tisa yetu iko anacheza sawa maiti!"

Emérence hakucheka. Aliinua ile jezi namba tisa mbele ya timu zote mbili zilizojipanga kuanza mechi.

"Bwana, nilikosea. Mbele ya hawa wote naahidi: kila Jumamosi nitamwombea Lennox maisha marefu, mpaka mmoja wetu afe kweli."